Nakisoma Kiingereza lakini sikisikii: nitumieje video na mazoezi ya kusikiliza?

Mpokeaji_Ngara

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa pili hapa Nairobi, ambako nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo ya kulala wageni upande wa Ngara. Kama wengi tuliosomea Tanzania, shule ya msingi nilifundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengine, na nilipoingia sekondari ghafla vitabu vyote vikawa vya Kiingereza. Tulivisoma, tukavinakili, tukavifanyia mtihani, lakini hatukuzungumza. Kwa hiyo Kiingereza changu kimekaa machoni. Gazeti nalisoma, barua pepe za wageni nazijibu bila kumwita mtu, ila mgeni akipiga simu na kusema kwa mwendo wake wa kawaida, maneno yananipita kama matatu iliyojaa isiyosimama stejini.

Mwezi uliopita jambo hili liliniumiza sana. Mgeni alipiga simu akitaka chumba kuanzia "the thirteenth", nami nikaandika tarehe 30. Usiku wa tarehe 13, saa tano kasoro robo, akashuka kwenye teksi pamoja na mkewe na mtoto aliyelala begani, na hatukuwa na chumba hata kimoja. Niliwapigia simu wenye hoteli za jirani mpaka nikawapatia mahali, na wala hawakunigombeza, lakini uso wa yule mama aliyembeba mtoto sijausahau.

Kwa miezi mitatu sasa natazama video za kujifunza Kiingereza kila usiku, karibu saa nzima, nikiwa nimeweka maandishi yanayopita chini ya picha. Nikiwa nayo, naelewa kila kitu. Nikiyaondoa, ni kana kwamba wamebadilisha lugha. Naomba waliopitia njia hii waniambie: niendelee na maandishi hayo au niyaache? Nisikilize rekodi ndefu au fupi? Na je, lafudhi ya kuifuata ni ya Uingereza, ya Marekani au ya hapa hapa Kenya? Bando langu si kubwa, hivyo nisingependa kulimalizia kwenye mambo yasiyonifaa.

Mwalimu_Mstaafu_Buruburu

Marahaba, binti yangu, na pole kwa yaliyokupata usiku ule. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka 31, mingi kati yake huku Eastlands, na neno la kwanza ninalotaka ulipokee ni kwamba masikio yako hayana kasoro. Yamelelewa na Kiswahili, na Kiswahili kimeyazoesha utaratibu ambao Kiingereza hakiufuati.

Sisi tuna irabu tano, na kila moja hutamkwa kikamilifu popote ilipo. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20, ndiyo sababu "ship" na "sheep", ambayo kwa macho ni maneno mawili dhahiri, sikio letu huyapokea kama neno moja. Mkazo wetu, isipokuwa katika maneno machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kiingereza huhama: tamka "photograph", kisha "photographer", kisha "photographic", utausikia ukitoka silabi ya kwanza, ukienda ya pili, halafu ya tatu. Linalowaangusha wengi zaidi ni kwamba silabi isiyo na mkazo humezwa. Aliyejifunza neno "comfortable" kwa macho hulisubiri likiwa na silabi nne kamili, lakini msemaji hulitoa kwa silabi tatu, na ile "or" ya katikati haisikiki kabisa. Wewe unabaki ukingoja neno ambalo limeshapita, na wakati unalingoja, mengine matano yanapita nalo.

Kuhusu 13 na 30: neno "thirteen" likisimama peke yake, mkazo huangukia mwisho, na katika "thirty" huwa mwanzoni. Hiyo ndiyo kanuni iliyo vitabuni. Lakini "thirteen" likifuatwa na jina, kama katika "thirteen rooms", mkazo mara nyingi hurudi mwanzoni, na alama uliyokuwa ukiitegemea inatoweka. Wenye lugha yao pia huulizana. Kwa hiyo kazini usibahatishe hata siku moja. Mrudishie mgeni tarakimu mojamoja, "one three", kisha umtajie na siku ya wiki. Kati ya tarehe 13 na tarehe 30 kuna siku 17, hivyo katika mwezi mmoja haziwezi kuangukia siku ile ile. Ukimwambia "Friday the thirteenth" naye alikusudia tarehe 30, atakusahihisha mwenyewe.

Sasa video. Saa nzima ya kutazama huku maandishi yakipita chini ni saa nzima ya kusoma. Macho ni mepesi kuliko masikio. Yakishafika kwenye maana, masikio huacha kazi. Usiyatupe maandishi hayo, ila yaje mwisho.

Njia ninayoiamini ni ya zamani, nayo ni imla. Chagua dakika moja ya mazungumzo, usizidishe. Sikiliza mara ya kwanza mikono ikiwa mitupu, ujiulize tu ni nani anasema na nani, na anataka nini. Mara ya pili simamisha rekodi kila sentensi inapokwisha na uandike ulichosikia. Palipokutoroka weka kistari, na ukiweza uhesabu ni silabi ngapi zilizokutoroka. Mara ya tatu jaza mapengo. Hapo ndipo ufungue maandishi na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Ukimaliza, yatazame makosa yako kwa utulivu. Mengine yatakuwa ya maneno ambayo hukuwahi kuyajua, na hayo dawa yake ni kamusi. Lakini mengine yatakuwa ya maneno unayoyajua tangu kidato cha kwanza, ambayo hukuyatambua yalipotamkwa. Hayo ndiyo unayoyatafuta. Yaandike ukurasa wa nyuma wa daftari, uisikilize sentensi yenyewe tena, kisha uitamke kwa sauti pamoja na msemaji, ukimfuata nyayo kwa nyayo, mpaka ulimi wako umeze pale anapomeza yeye. Sikio hutambua upesi kile ambacho ulimi umekwisha kukifanya.

Jihadhari pia na maandishi yanayotengenezwa na mashine, kwa maana hukosea majina na namba, na wewe unatafuta namba. Tumia rekodi zinazoambatana na maandishi yaliyoandaliwa na watu. BBC, ambayo imekuwa ikifundisha Kiingereza hewani tangu 1943, ina kipindi cha "6 Minute English" ambacho maandishi yake yote huwekwa kwenye tovuti yao. Ukiona ni kigumu, Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 mtindo wa kusoma habari polepole kwa msamiati wa maneno kama 1,500 hivi, na rekodi za mtindo huo ni ngazi nzuri ya kuanzia. Dakika moja kwa siku. Bando lako litabaki.

Kijana_wa_Kayole

Kwa heshima zote, Mwalimu, mimi sikufanya imla yoyote. Nilijifunza kusikia Kiingereza kwa kutazama filamu moja ileile tangu nikiwa darasa la sita, hadi nikawa najua kila mtu atasema nini kabla hajafungua kinywa. Naona tunaweza kumchosha dada huyu kwa daftari na kalamu nyekundu.

Mwalimu_Mstaafu_Buruburu

Mwanangu, ukisema ni filamu moja, mara nyingi, mpaka ukayajua maneno kwa moyo, basi ulifanya imla bila karatasi, na ilikuchukua miaka kwa kuwa ulikuwa nayo. Dada yako ana wageni kesho asubuhi.

Teksi_Embakasi

Hamjambo nyote. Nimebeba abiria kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka tisa, na ningependa kuongeza jambo kuhusu swali la lafudhi, kwa sababu naona limepita bila kujibiwa.

Dada, hebu jiulize wanaokupigia simu ni akina nani. Kwangu mimi, kwa siku moja naweza kumbeba Mhindi, Mnigeria, Mchina na mtu wa Scotland, na kila mmoja anasema Kiingereza ambacho mwenzake angekisikia kwa taabu. Nilipoanza kazi nilikuwa nasikiliza masomo ya Uingereza peke yake, nikayazoea kabisa, kisha abiria wa kwanza kutoka Lagos akanitaabisha safari nzima hadi Westlands. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uanze na lafudhi moja ili sikio lipate pa kukanyagia, na ya karibu zaidi ni Kiingereza cha hapa hapa, kwa vile ndicho unachokisikia katika benki, kanisani au msikitini, na kwa wageni wengi wanaotoka Kisumu, Eldoret na Meru. Baada ya hapo uanze kuongeza nyingine.

Tena Kiingereza cha Kenya kina mazoezi mazuri ya bure ambayo watu wengi hawayafikirii. Vikao vya Bunge hurushwa mubashara, na yanayosemwa humo huandikwa na kuchapishwa katika Hansard, ambayo inapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Mimi huchagua swali moja la mbunge na jibu lake, nikasikiliza, halafu nikafungua Hansard kuona nilichokosa. Ukumbuke tu kwamba waandishi wa Hansard hunyoosha sentensi kidogo, hivyo usishangae ukisikia neno ambalo halikuandikwa. Rekodi nyingine iliyonisaidia ni ile ya tarehe 5 Septemba 2022, siku Jaji Mkuu Martha Koome aliposoma uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu kesi ya uchaguzi wa rais. Alisoma taratibu, kwa sauti safi, na uamuzi wenyewe unapatikana kwa maandishi. Msamiati wa sheria ni mzito, hilo nakubali, lakini kwa kuwa sote tulikuwa tukiijua habari yenyewe, maana haikupotea.

Kuhusu kupunguza kasi ya video, wengi hupenda kuiweka 0.75. Mimi niliitumia kwa muda, kisha nikaiacha. Kasi ikipungua, silabi zilizomezwa hazirudi. Zinabaki zimemezwa, ila kwa mwendo wa polepole, na sauti ya mtu inakuwa ya kuburuta ambayo hutaisikia popote maishani. Afadhali urudie sentensi ileile mara sita kwa kasi yake.

Na bando: pakua sauti peke yake pale inapowezekana, kwa sababu picha ndiyo inayokula data. Ukilazimika kuwa na picha, ishushe ubora hadi 144p. Huhitaji kuona nywele za msemaji. Wakati mwingine mimi hupakua za wiki nzima mahali penye Wi-Fi ya bure, kisha huzisikiliza garini nikingoja abiria.

Mtahiniwa_Rongai

Dada Mpokeaji, pole sana. Nilifanya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, mwaka jana kwa ajili ya masomo ya uuguzi, na naandika kwa sababu sehemu yake ya kusikiliza inafanana mno na kazi yako. Ina sehemu nne, maswali 40, rekodi za kama dakika 30, na kila rekodi husikika mara moja tu, kama vile simu ya mgeni. Sehemu ya kwanza kwa kawaida ni watu wawili wanaopanga jambo la kila siku, mathali kukodi chumba au kujiandikisha kwa kozi, na unatakiwa kujaza fomu: jina, namba ya simu, tarehe, bei.

Nilianza kwa kufanya majaribio mengi mfululizo, nikiandika alama zangu ukutani, na kwa wiki tano hazikusogea. Sasa naelewa kwamba jaribio hukupima tu. Alama zilianza kupanda nilipokuwa nachukua rekodi moja ya jaribio niliyoikosea na kukaa nayo siku mbili, kwa namna ileile aliyoieleza Mwalimu.

Mambo mawili niliyoyagundua yatakufaa moja kwa moja. La kwanza ni kujirekebisha kwa msemaji. Mtu husema "Tuesday", kisha baada ya maneno matatu anasema "no, sorry, Thursday". Mimi nilikuwa nimeshaandika na sikio limefungwa. Jizoeze kuiacha kalamu juu ya karatasi hadi mtu amalize kabisa.

La pili, na hili naomba ulitilie maanani sana, ni herufi. Mgeni anapokutajia jina lake herufi kwa herufi, masikio yetu ya Kiswahili yanatusaliti. Herufi E ya Kiingereza inasikika kama "i" yetu, A inasikika kama "ei", na I inasikika kama "ai". Jina likiwa na E, mkono wangu ulikuwa unaandika I kabla sijafikiri. G na J nazo zilikuwa zinabadilishana nafasi. Nilimwomba ndugu yangu anisomee majina ya watu kutoka kwenye orodha yoyote, herufi kwa herufi, dakika kumi kila jioni tukiwa jikoni, nami nikiandika. Siku ya kwanza nilipata majina manne kati ya 20. Baada ya wiki mbili nilikuwa nakosa moja au mawili.

Mpokeaji_Ngara

Shikamoo Mwalimu, na nyote asanteni. Nilitaka kwanza nijaribu kabla ya kuandika, na leo zimetimia siku 16.

Nafanya dakika moja kila usiku, zamu ikiisha, na huchukua kama dakika 40 kuimaliza. Siku za mwanzo karatasi ilikuwa na vistari vingi kuliko maneno, na nilitaka kuacha. Usiku wa nne mtu alisema sentensi ambayo mimi niliandika "We like to come about eleven". Nikairudia mara nane, sikusikia kitu kingine. Nilipofungua maandishi nikakuta "We'd like to come in about eleven". Ile "d" sikuisikia kabisa, na ile "in" ilikuwa imejificha kwenye "m" ya "come", yakawa neno moja. Nilivyokuwa nimeandika mimi, watu hawa wana mazoea ya kuja. Kumbe wanaomba kuja. Nikaitamka pamoja na msemaji mpaka mwenzangu tunayekaa naye akaniuliza ninazungumza na nani.

Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari sasa nina maneno 57, na karibu yote nayajua kwa maana. "Have", "of", "them", "would", "at". Nilidhani nakwama kwenye maneno makubwa, kumbe makubwa nayasikia. Ni haya madogo.

Herufi pia nimezianza, kijana wa mlangoni ananisomea majina kutoka kwenye daftari letu la wageni la zamani. Kaka Teksi, Bunge nimelijaribu mara mbili, lakini wanapoongea kwa pamoja sisikii lolote, hivyo nimeliweka kando kwanza.

Nina swali moja tu lililobaki. Bado siwezi kutofautisha "can" na "can't". Mgeni wa Marekani aliniambia jambo jana kuhusu kulipa kwa kadi, nami nikalazimika kumuuliza mara tatu kama anaweza au hawezi.

Mwalimu_Mstaafu_Buruburu

Binti yangu, umenifurahisha kwa hayo maneno madogo 57. Wapo wanafunzi wangu waliomaliza kidato cha nne bila kuligundua hilo.

Usiisikilize "t". Mmarekani huizuia kooni na mara nyingi haitoki. Sikiliza uzito wa neno lenyewe. Katika "I can pay", mkazo uko kwenye "pay", na "can" inapungua hadi kuwa kama "kn", irabu yake imezimika. Katika "I can't pay", irabu ya "can't" husimama wazi na hukazwa. Kwa hiyo ukiisikia "kan" nzima, yenye irabu iliyokamilika katikati ya sentensi, huenda anakataa. Ukikaribia kutoisikia kabisa, huenda anakubali. Mwingereza wa kusini hukurahisishia, kwa maana "can't" yake ina "aa" ndefu.

Jirekodi kwa simu ukisema sentensi kumi, tano za kukubali na tano za kukataa, uzichanganye, uziache mpaka kesho yake, kisha uzisikilize na uandike ipi ni ipi. Na kwa mgeni yule wa kadi, badala ya kumuuliza mara tatu swali lilelile, muulize "Card or cash?" Jibu lake litakuwa neno moja, na maneno hayo mawili hayafanani sana mwishoni kwa atakayesikiliza ile "d" na ile "sh".

Mpokeaji_Ngara

Asante sana, Mwalimu. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili jioni. Nimeshazirekodi zile kumi, nitazisikiliza kesho.